Sura ya 6: Mota Moja, Kazi Tano

"Nafasi yangu ni banda la gari moja tu. Ninunue mashine moja inayofanya kila kitu, au nibanane na mashine nne?"

Maseremala waliohama kutoka Afrika Mashariki huuliza swali hili wakishapata kazi ya kulipia kodi na hamu ya kushika mbao imewarudia. Walioko nyumbani nao wanalo, ila wanaliulizia upande wa pili: "Fremu ninayo, mota ninayo. Nifunge nini tena hapa?" Jibu la wote wawili linaanzia mahali pamoja.

Tuchukue fundi wa mfano. Alijifunza kazi Keko, Dar es Salaam, ambako makochi na vitanda hupangwa hadi kando ya barabara. Sasa amepanga University District, mjini Columbus, jimbo la Ohio. Mtaa huo uko kaskazini ya katikati ya jiji, kati ya mto Olentangy na reli, na umekizunguka Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio. Nyumba zake nyingi ni za mwanzoni mwa karne ya 20. Nyuma ya nyumba hupita kichochoro, na kwenye kichochoro kuna mabanda ya gari. Banda la fundi wetu lina upana wa mita 3.5 na urefu wa mita 6, na mwenye nyumba ameridhia alitumie. Ndani yake anataka kuranda, kupasua, kutoboa na kukereza.

## Mbao ndiyo inayokula nafasi

Wengi huanza kwa kupima mashine. Msumeno wa meza, yaani meza ya chuma yenye msumeno wa duara unaochomoza katikati, hukaa kwenye eneo la kama mita moja kwa mita moja. Zidisha kwa mashine nne, utaona banda linatosha na chenji inabaki.

Sasa chukua ubao wa mita 2.4, yaani futi nane. Kabla haujakutana na meno ya msumeno, ubao wote uko mbele ya mashine. Ukishapita, wote uko nyuma yake. Mita 2.4 mbele na mita 2.4 nyuma ni karibu mita 5, na wewe mwenyewe bado hujapata pa kusimama. Mashine moja imemaliza banda zima.

Randa ya meza, ile inayonyoosha uso wa ubao kwa visu vinavyozunguka, nayo inadai mita 5 zake. Mashine ya unene, inayoupunguza ubao uwe na unene mmoja toka ncha hadi ncha, inadai vilevile. Chuma chenyewe hakina ukubwa wa kutisha. Kinachogombaniwa ni njia ya kupitisha mbao.

Hapo ndipo faida ya kuunganisha mashine ilipo. Zikipangwa kwenye mstari mmoja, meza zake zikiwa na kimo kimoja, ubao unaotoka kwenye msumeno hutelezea juu ya meza ya jirani badala ya kuanguka sakafuni. Njia moja inahudumia mashine tatu.

Kwa ufupi: usipime mashine, pima safari ya ubao mrefu kuliko wote unaoutumia. Kuunganisha mashine ni kuzifanya zitumie safari moja.

## Ngazi nne za kugawana

Aliyewahi kukaa nyumba ya kupanga Uswahilini hahitaji kufundishwa somo hili. Wapangaji wakigawana uwanja, hakuna neno. Wakigawana jiko, inabidi waelewane nani anapika saa ngapi. Wakigawana bafu, alfajiri kuna foleni na kila mtu ana ndoo yake mkononi. Mashine nazo hugawana kwa ngazi:

1. Kugawana miguu. Mashine mbili zinakaa kwenye kabati moja, kila moja na mota yake. Mabanda mengi ya Marekani yana meza ya kupindua: bamba nene linalozunguka kwenye bomba la chuma, upande mmoja umefungwa mashine ya unene, upande wa pili mashine ya msasa. Vuta pini, pindua, rudisha pini. Kwa kuwa mashine ndogo ya unene ina kama kilo 40, ya upande wa pili isipishane nayo sana kwa uzito, la sivyo meza itakuponyoka mkononi.
2. Kugawana meza. Ruta, yaani mota ndogo yenye kisu cha kuchonga mifereji na kingo za mapambo, hufungwa chini ya bawa la meza ya msumeno. Uso mmoja, mashine mbili.
3. Kugawana mota. Mota moja inapelekwa kwenye kazi mbalimbali kwa kuhamisha mkanda au kubadilisha kifaa.
4. Kugawana shafti. Msumeno, visu vya randa na keekee vyote vimekaa kwenye mhimili mmoja unaozunguka. Kimoja kikizunguka, vyote vinazunguka.

Kadiri unavyoshuka kwenye orodha hii, chuma na fedha vinapungua, na foleni inarefuka. Mafundi wawili wanaweza kufanya kazi kwa pamoja katika ngazi ya kwanza. Katika ngazi ya tatu na ya nne, mmoja anafanya kazi na mwenzake anasubiri.

## Mhamiaji na mabomba mawili

Mashine ya pamoja iliyopata jina kubwa kuliko zote Marekani ilibuniwa na mhamiaji. Hans Goldschmidt alitoka Ujerumani, na mwaka 1947 kampuni ya Magna Engineering ya California ikaanza kuuza mashine yake kwa jina la Shopsmith. Maduka ya Montgomery Ward yaliisambaza nchi nzima. Vita vilikuwa vimekwisha, askari wamerudi, familia zinanunua nyumba zenye mabanda ya gari, na mwanamume mwenye mshahara wa kawaida alitaka karakana bila kujenga karakana. Katika miaka ya 1950 likaja toleo la Mark 5, na hiyo tano ndiyo hesabu ya kazi zake. Uzalishaji ulisimama katika miaka ya 1960. Mwaka 1972 John Folkerth wa Dayton, mji ulio kilomita kama 110 magharibi ya Columbus, akaufufua. Kwa hiyo fundi wetu amehamia jirani na mahali mashine hiyo ilipozaliwa mara ya pili.

Tuisogelee. Mabomba mawili ya chuma yamelala sambamba kama reli. Juu yake kinateleza kichwa chenye mota ndani, na kichwani inatoka shafti moja. Funga msumeno kwenye shafti hiyo, pandisha meza, unapasua. Toa msumeno, weka bamba la msasa, unalainisha. Weka gogo kati ya kichwa na ncha ya mkiani, unakereza mguu wa kitanda. Funga keekee, unatoboa kwa mlalo. Kisha legeza kufuli na unyanyue mabomba yote, na kichwa chake, yasimame wima: keekee sasa inatoboa kutoka juu kwenda chini. Kasi unaibadilisha kwa kuzungusha kitasa, kutoka mizunguko 700 hadi 5,200 kwa dakika, kwa sababu kukereza gogo zito kunataka utulivu na kuchonga kunataka mbio.

Kasoro yake nayo inaonekana ukiisogelea. Katika msumeno wa meza wa kawaida, ukitaka kukata kwa mshazari unauinamisha msumeno, na meza inabaki bapa. Katika Shopsmith inayoinama ni meza. Weka juu yake ubao mpana na mzito, nao unataka kushuka mteremko huku wewe ukiusukuma mbele. Kwa mguu wa stuli si tatizo. Kwa mlango wa kabati, utatokwa jasho hata Januari.

Ulaya ilishika njia nyingine. Katika karne ya 19 Waingereza walikuwa tayari wanauza mashine waliyoiita seremala wa jumla, ya kupasua, kuranda na kutoboa katika mwili mmoja. Baadaye kampuni kama Felder ya Austria, iliyoanzishwa mwaka 1956, zikajenga mashine nzito zenye msumeno, randa na mashine ya unene katika mwili mmoja, na mara nyingi kila sehemu kubwa ina mota yake. Wamegawana mwili na meza, wakaacha kugawana shafti. Ni ghali na ni nzito, lakini foleni yake ni fupi.

## Hesabu ya puli

Nyumbani, wachomeleaji wana jibu lao. Ukipita Keko, au Gikomba jijini Nairobi, unaweza kukuta fremu ya vyuma vya pembe iliyochomelewa, mota imefungwa chini, mikanda inapanda juu hadi kwenye shafti moja. Katikati ya shafti kuna gogo la chuma lenye visu vya randa. Ncha moja ina msumeno. Ncha ya pili ina kichwa cha keekee na kimeza cha pembeni cha kuchimbia matundu ya kupokea ndimi za mbao. Hiyo ni ngazi ya nne kamili, na imesomesha watoto wengi.

Ukitaka kujua kama imeundwa vizuri, fanya hesabu hii moja:

*Kasi ya shafti = kasi ya mota × upana wa puli ya mota ÷ upana wa puli ya shafti.*

Mota ya kawaida huku kwetu inazunguka kama mara 1,450 kwa dakika. Puli yake ikiwa na milimita 150 na ya shafti milimita 50, shafti inazunguka mara 4,350. Sasa waulize wapangaji watatu wa shafti hiyo:

- Visu vya randa, gogo likiwa na kipenyo cha milimita 80, ncha zake zinakwenda mita 18 kwa sekunde. Vinaridhika, na vingeomba kasi zaidi kidogo.
- Msumeno wa milimita 300, kwa mzunguko uleule, meno yake yanakwenda mita 68 kwa sekunde, karibu kilomita 246 kwa saa. Hakuna basi la Morogoro linalofika huko. Msumeno mzuri huandikwa ubavuni kasi ya juu kabisa unayoruhusiwa. Isome kabla ya kuufunga. Msumeno usio na maandishi hayo usiukubali hata ukipewa bure.
- Keekee ya milimita 25 inalia. Kwa kasi hiyo inaunguza tundu badala ya kulichimba, na utanusa moshi kabla hujauona.

Fundi mzuri wa kuchomelea analijua hilo, kwa hiyo anaweka puli ya ngazi, yenye mifereji ya upana tofauti, au anaipa keekee shafti yake ya polepole. Anayegawanisha kila kitu bila hesabu amejenga nyumba ya vyumba kumi yenye bafu moja.

Kwa ufupi: kazi zinazotaka kasi moja zigawane shafti. Zinazotofautiana zigawane mota, lakini si shafti.

## Foleni haiandikwi kwenye risiti

Tuseme fundi wetu ana oda ya stuli nne, na kila stuli inapita hatua nne: kuranda, kupasua, kutoboa, kukereza. Tuseme pia kila mara anapobadilisha mashine kutoka kazi moja kwenda nyingine anatumia dakika 5.

Akimaliza stuli moja ndipo aanze nyingine, atabadilisha mara 15. Hizo ni dakika 75 za kufunga na kufungua nati. Akiranda mbao zote za stuli nne, kisha azipasue zote, azitoboe zote na kuikereza miguu yote, atabadilisha mara 3 tu, yaani dakika 15. Mashine ni ileile na mikono ni ileile. Saa nzima imeokolewa kwa kupanga.

Ndiyo maana watu wawili hununua mashine moja, mmoja akaisifu na mwingine akaitupia lawama. Aliyezoea kuamka na kuamua kazi papo hapo ataichukia. Aliyezoea kuandika orodha ya vipande vyote kabla ya kuwasha swichi ataipenda.

Lakini kuna mtego. Saa mbili usiku, umeshatoa msumeno na kufunga keekee, unagundua ubao wa saba umeutoboa upande usio wake. Itabidi ufungue keekee, urudishe msumeno, na upange upya fensi, ule ukingo mnyoofu unaouongoza ubao. Fensi haitarudi palepale. Kipande kipya kitapungua milimita moja, na stuli itayumba maisha yake yote. Dawa yake ni ya kale: kabla hujavunja mpangilio wowote, kata vipande viwili vya akiba. Kipimo ulichotumia, kihifadhi kwenye kipande cha mbao chenye maandishi ya kalamu ya risasi, wala usikiamini kichwa chako.

## Umeme wa huku na umeme wa kule

Soketi ya kawaida ya nyumba ya Marekani ina volti 120, na laini yake mara nyingi inabeba ampea 15. Zidisha: wati 1,800 kwa laini nzima, si kwa soketi moja. Nguvu ya farasi mmoja ni wati 746, na mota ya farasi mmoja na nusu, ukihesabu na nguvu inayopotea kama joto, inavuta kama wati 1,500. Ongeza mashine ya kuvuta vumbi kwenye laini hiyohiyo, na kikata umeme kitajizima kabla ubao haujafika katikati. Kwa banda lenye laini moja, mashine ya mota moja inayofanya kazi kwa zamu ina mantiki. Vumbi liombewe laini ya pili, naye fundi umeme mwenye leseni aifunge kwa idhini ya mwenye nyumba.

Swali linalofuata huja likikimbia: "Je, nikinunua hapa, naweza kuituma nyumbani kwenye kontena?" Unaweza, lakini elewa mambo mawili. La kwanza ni volti. Mota ya volti 120 ukiichomeka kwenye umeme wetu wa volti 230 au 240 utasikia harufu na kuona moshi, na huo ndio mwisho wake. La pili husahaulika. Umeme wa Marekani unabadili mwelekeo na kurudi mara 60 kwa sekunde, wetu mara 50. Mota ya kawaida ya karakana hufuata hesabu hiyo, hivyo hata ukitatua suala la volti, mota iliyozunguka mara 1,725 Columbus itazunguka kama mara 1,440 Dar es Salaam. Umepoteza moja ya sita ya kasi.

Kwa hiyo anayefikiria kutuma achague mashine ambayo mota yake iko nje na inavuta kwa mkanda. Hiyo utaitoa, ufunge mota ya huku, ubadilishe puli kwa hesabu tuliyoifanya, na kazi itaendelea. Iliyozika mota yake tumboni ni mgonjwa wa gharama.

## Vidole kwanza

Mashine ya pamoja ina hatari zake za pekee, juu ya zile za kila mashine:

- Kwenye shafti moja, unapotumia randa msumeno nao unazunguka ubavuni. Usiouhitaji uondoe, au ufunike kabisa.
- Weka swichi isiyojiwasha umeme ukirudi. Nyumbani, ambako umeme hukatika ukiwa katikati ya ubao, swichi ya ukutani ya kawaida ni mtego: umeinama kuchukua kipande sakafuni, na mashine inaamka yenyewe.
- Chomoa waya kila unapobadilisha kazi. Kwenye mashine ya pamoja mkono wako unagusa visu mara nyingi kuliko kwenye mashine ya kazi moja.
- Nyuma ya msumeno kuwe na bamba jembamba la chuma linalozuia ubao kujifunga. Ubao ukijifunga kwenye meno hurushwa nyuma kwa nguvu, na nyuma yake umesimama wewe.
- Vumbi livutwe kwa bomba, nawe uvae barakoa. Taasisi ya kimataifa ya utafiti wa saratani iliweka vumbi la mbao katika orodha ya visababishi vya saratani mwaka 1995.

## Ngazi ya tano

Tulitaja ngazi nne za kugawana. Kuna ya tano, nayo iko kwenye University District nyingine, ile ya Buffalo, jimbo la New York. Tangu mwaka 2011 kuna maktaba ya vifaa katika eneo la University Heights, karibu na kampasi ya kusini ya chuo kikuu cha huko. Mwanachama analipa ada na anaazima vifaa kama anayeazima vitabu: leo keekee, wiki ijayo mashine ya msasa. Huko vifaa vinagawanwa na mtaa mzima.

Kwa fundi wetu hilo linabadilisha swali. Mashine unayoigusa kila siku, inunue, na uipe nafasi yake bila foleni. Unayoigusa kila wiki, iunganishe na nyingine. Unayoigusa mara mbili kwa mwaka, iazime pale penye pa kuazima, au pitisha mbao zako kwa fundi mwenzako umlipe. Keko wanafanya hivyo bila kuita maktaba: mwenye msumeno anapasulia mtaa mzima, na wengine hawajisumbui kuumiliki.

Ukishajua kipi ni kipi, fanya jaribio moja kabla ya kutoa hela au kumwita mchomeleaji. Mwezi Agosti mikataba ya upangaji ya wanafunzi inapokwisha, vichochoro vya University District ya Columbus hujaa meza na vitanda vilivyotupwa. Okota ubao mrefu, ukague misumari. Chukua chaki, chora mashine zako sakafuni kwa vipimo vyake halisi. Kisha ingia mlangoni na ubao huo mikononi, uupitishe kwenye msumeno wa chaki, kwenye randa ya chaki, hadi kwenye keekee ya chaki. Ukigonga ukuta, futa uchore tena. Chaki haina gharama ya kuhamisha, na ukuta uliougonga leo ungeugonga kila siku.